Silaha ni Yako, Imani ni ya Mtaa



Leo naomba tuongee jambo ambalo kwa kawaida tunalisema chini chini: silaha iliyomo ndani ya nyumba. Sizungumzii silaha ya jambazi, hiyo ina watu wake wa kuishughulikia. Nazungumzia bastola, shotigani au raifo yenye leseni, iliyonunuliwa kwa stakabadhi, ya mtu unayemjua na kumheshimu. Huenda ni yako wewe unayesoma.

Wenzetu wenye silaha hizo tunawafahamu. Yuko mkulima anayekesha shambani nguruwe pori wasimalize mahindi. Yuko mfanyabiashara wa madini anayetembea na fedha nyingi barabara ndefu. Yuko mwindaji anayehesabu siku msimu ufunguliwe. Na siku hizi yuko mwingine, ana kazi yake ofisini, hana shamba wala mgodi, ila anaipenda bunduki kwa ajili ya bunduki yenyewe. Anapenda kusoma habari zake, kuisafisha, kulenga shabaha, kukaa na wenzake wa aina hiyo. Ilianza kama burudani, sasa imekuwa sehemu ya maisha yake.

Je, kuna ubaya? Mimi sioni ubaya. Watu wazima wana haki ya kupenda wanachokipenda, mradi kimo ndani ya sheria. Ninachotaka tuulizane leo ni jinsi mtu anavyoweza kuishi na pendo hili bila kumtia hofu mkewe, mwanawe au jirani yake.

Hebu kumbuka leseni yako ilivyopatikana. Hukuingia dukani ukalipa ukatoka. Ulianzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au ya kijiji. Jina lako likasomwa mbele ya watu wanaokujua, wanaojua unapolala, unavyokunywa, unavyoishi na wa nyumbani kwako. Likapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama, kuanzia kata. Likafika polisi, nao wakafanya uchunguzi wao. Hayo yote yako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Wale wajumbe wa mtaa walikuwa wanafanya nini pale? Walikuwa wanakudhamini. Walisema: huyu tunamjua, mpeni. Mama muuza mboga, fundi cherehani na mwalimu mstaafu walikubali kulala usingizi huku wakijua kwamba ng'ambo ya ukuta wao kuna bunduki. Fedha za kununulia silaha zilikuwa zako, ila imani iliyokufungulia mlango ilikuwa yao.

Na kwetu imani hiyo ni nzito kuliko kwingine. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria mwaka 2018 kwamba Marekani ina silaha za kiraia kama 120 kwa kila watu 100. Kwetu Tanzania makadirio hayafiki hata silaha moja kwa kila watu 100. Maana yake ni nini? Ni kwamba mmiliki wa hapa anazungukwa na watu ambao hawajawahi kushika hata ganda la risasi. Hawajui kama imejaa au ni tupu, kama imefungwa au iko wazi. Wanamtegemea yeye ajue kwa niaba yao.

Basi ndugu yangu mmiliki, una kazi mbili. Wewe ni mwenye mali, na wewe ndiye mwalimu wa wote wanaoizunguka mali hiyo. Uko tayari kwa kazi hiyo ya pili?

Tuanze na upande wa raha, maana watu wengi hawaujui. Kulenga shabaha ni mchezo wa heshima. Ulikuwemo kwenye Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya kisasa, ya Athens mwaka 1896, na hadi leo umo. Katika mashindano ya bunduki ya upepo ya mita 10, kitone cha katikati kinachompa mlengaji pointi 10 kina upana wa nusu milimita tu. Ukiwa na hasira, hukipati. Ukiwa na haraka, hukipati. Hata mapigo ya moyo yanaweza kukuyumbisha.

Wengi mlimwona kwenye simu zenu yule Mturuki, Yusuf Dikeç, kule Paris mwaka 2024. Mtu wa miaka 51, fulana ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akiwa ametulia kabisa. Akaondoka na medali ya fedha pamoja na mwenzake, Şevval İlayda Tarhan. Dunia nzima ilicheka kwa furaha. Ni nini kilichotuvutia kwake? Hakuwa na makeke. Ustadi wake wote ulikuwa ndani ya utulivu wake.

Majirani zetu wa Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa hiyo mpenda bunduki wa huko hana pori la kwenda kuwinda, na mapenzi yake huyapeleka kwenye uwanja wa shabaha. Uwanjani kuna msimamizi, kuna mstari usiovukwa, kuna amri ya kuanza na amri ya kuacha. Mtu mzima, bosi wa watu, anaambiwa "weka chini" na anaweka chini. Hilo ni funzo zuri kwa mtu yeyote.

Sisi Tanzania uwindaji bado upo, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwindaji mwema anajua kwamba leseni ya kumiliki bunduki si leseni ya kuwinda. Ya kuwinda huombwa peke yake, ikiwa na mnyama wake, eneo lake na muda wake. Je, wewe unayepewa nyama ya porini na rafiki, umewahi kumuuliza kibali chake? Kuuliza si kumvunjia heshima. Unamsaidia abaki upande salama.

Kwa wanaokwenda kulenga, nina neno la afya pia. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na sikio likishaharibika kwa kelele halirudi lilivyokuwa. Vaa vizibo vya masikio, na mpe pia anayesimama nyuma yako. Vaa miwani. Tena risasi nyingi zikilipuka huacha vumbi lenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Ukirudi nyumbani, nawa mikono na ubadilishe nguo kabla hujambeba mtoto au kukaa kwenye ugali.

Sasa tutoke kwenye raha, tuje kwenye upande wa pili, wa mtindo wa maisha. Hapa naomba tusikilizane kama watu wa nyumba moja.

Bunduki ikishakuwa sehemu ya maisha ya mtu, huanza kumfuata kila mahali. Inakwenda naye dukani, inakwenda naye harusini, inakaa naye baa. Shati linapandishwa kidogo, watu wanaona kitako kiunoni. Picha inapigwa, inawekwa kwenye simu. Mwenyewe anaona ni urembo tu, kama saa nzuri. Lakini yule mhudumu wa baa anaona nini? Yule kijana aliyekanyaga kiatu chako kwa bahati mbaya anaona nini? Na mwizi anayepitia picha zako usiku, yeye anaona nini?

Mmiliki aliyekomaa humtambui. Utakaa naye mwaka mzima, msali pamoja, mle pamoja, usijue. Huo ndio umaridadi wenyewe. Kama umeibeba kwa sababu ya msingi, ifunike, na isitajwe. Kama sababu haipo, iache nyumbani chini ya kufuli.

Na pombe, ndugu zangu? Silaha na chupa havikai meza moja. Hata kama ni bia moja, hata kama ni sherehe ya mdogo wako. Ukitaka kunywa, iache. Ukiwa nayo, agiza soda, hakuna atakayekucheka.

Kuna pia desturi ya kupiga risasi hewani, Mwaka Mpya ukiingia au bwana harusi akitoka. Tunafurahi, naelewa. Lakini risasi iliyopanda lazima ishuke, na ikishuka bado ina nguvu ya kupasua fuvu la mtu. Itamkuta nani? Tunaishi chini ya mabati, na watoto wetu wanacheza uani. Vigelegele vinatosha, na ngoma ipo.

Sasa tuingie ndani ya nyumba.

Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe. Walijua atajikata kidogo, atalia, atajifunza. Bunduki haina hilo funzo la kidogo. Kwa hiyo hapa wahenga wenyewe wangetuambia tumnyime, tena tufiche.

Mtoto wako ni mjanja kuliko unavyodhani. Juu ya kabati anafika. Chini ya godoro anafika. Kwenye mkoba wa mama anafika kabla mama hajavua viatu. Mficho si ulinzi. Kinacholinda ni sefu au kabati la chuma lililokomewa ukutani, na ufunguo ulio kwa mmiliki peke yake.

Tena tenganisha silaha na risasi, kila kimoja na kufuli lake. Uswisi ni nchi ambayo askari wa akiba hukaa na bunduki ya jeshi nyumbani, ni mila yao ya miaka mingi. Hata hivyo mwaka 2007 waliamua kwamba zile risasi za jeshi walizokuwa wakikaa nazo nyumbani zirudishwe ghalani. Ikiwa watu waliozoea kiasi hicho wameona faida ya kutenganisha, sisi tutapungukiwa nini?

Alikuwepo mwalimu wa shabaha wa Marekani, Jeff Cooper, aliyeyafupisha mafundisho ya usalama yakawa kanuni nne. Zinatumika duniani kote, nami nawaomba mzikariri, hata nyie msiomiliki. Ya kwanza, ichukulie kila silaha kwamba imejaa. Ya pili, usielekeze mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Ya tatu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga na umeamua. Ya nne, ijue shabaha yako na ujue kilicho nyuma yake.

Angalia hiyo ya kwanza. Ajali nyingi huanza na mtu anayesema, "Haina kitu hii." Sheria ya nyumbani kwako iwe kwamba maneno hayo hayatamkwi. Anayeisafisha aifungue, atazame kwa macho, atazame tena, na mtoto asiwepo chumbani.

Watoto nao wafundishwe, kila mmoja kwa umri wake. Wafundishe mambo mepesi: ukiiona, usiiguse, ondoka pale, mwite mtu mzima. Wafundishe hata kama wewe huna silaha. Unajua nyumba wanakokwenda kucheza zina nini?

Sasa naomba nizungumze na wake, waume, wazee na marafiki. Kuna nyakati silaha haifai kuwepo nyumbani, hata kama mwenye nayo ni mtu mwema. Mtu amefukuzwa kazi. Mtu amefiwa. Ndoa imeingia ufa, watu wanalala vyumba viwili. Hasira ni hasara, tunalijua hilo. Lakini huzuni nayo ina hatari yake, na hiyo hatuisemi.

Marekani, kwenye bunduki nyingi kuliko kwingine kokote, mwaka 2021 walikufa kwa risasi watu zaidi ya 48,000. Zaidi ya 26,000 kati yao walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Wengi tungedhani adui ni mwizi wa usiku, kumbe mara nyingi ni saa moja mbaya katika maisha ya mwenye nyumba. Saa hiyo hupita, na mtu akivushwa salama, mara nyingi huishi.

Basi tuvushane. Ukiona ndugu yako hali, halali, haongei, mwendee. Mwambie, "Kaka, twende pamoja kituoni, tuiombe polisi ituhifadhie hii kitu mpaka mambo yakae sawa." Usiichukue ukaiweke kwako, maana leseni si yako. Nenda naye kituoni. Na wewe mmiliki, ukiona kifua kimejaa, nenda mwenyewe kabla hujaambiwa. Hakuna aibu hapo. Aliyejijua na kujizuia ni mtu mzima kweli. Kisha tafuta wa kuongea naye: daktari, sheikh, mchungaji, mshenga wenu, yeyote unayemwamini.

Lipo pia suala la misiba. Mzee ametangulia mbele za haki. Tumezika, tumegawana mashamba, tumegawana ng'ombe. Bastola je? Mara nyingi inabaki kwenye sanduku, kila mtu anadhani mwenzake ameshughulikia. Leseni ilikuwa ya marehemu peke yake, hairithiwi kama shamba. Familia iichukue silaha pamoja na leseni na risasi zake, iripoti polisi. Mtoto anayeitaka ataomba upya kwa jina lake, naye apite kwa majirani kama baba alivyopita.

Wewe uliye hai, mmeshaongea hili na mwenzio? Anajua nyaraka ziko wapi? Andika kwenye karatasi, weka pamoja na hati za nyumba.

Na kama nyumbani kuna gobore la babu lisilo na karatasi, au chuma kilichobaki toka vita vya jirani, msiogope. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha zisizo halali. Mwaka 2023 Wizara yetu ya Mambo ya Ndani ya Nchi ilitoa nafasi hiyo kwa miezi miwili, Septemba na Oktoba. Tangazo kama hilo likitoka, msiliache lipite. Muulizeni mtendaji wa kata, mchungaji au sheikh awasindikize.

Makazini nako kuna ya kufanya. Mwenye baa, weka kibao mlangoni kwamba silaha haziingii, na mfundishe mlinzi wako kulisema hilo kwa adabu. Mwenye kampuni ya ulinzi, yule kijana unayempa shotigani ya kukesha nayo getini, amefundishwa lini mara ya mwisho? Amekula? Amelala? Mlinzi mwenye njaa na usingizi hayuko salama, wala wewe hauko salama.

Mwalimu, mtoto akisimulia darasani kwamba baba ana bunduki na amemwonyesha, usimkemee. Mwite mzazi, ongeeni. Mpiga picha wa harusi, usimwombe bwana harusi ashike bastola ya mjomba. Mhariri na msanii, tukionyesha silaha kwenye video zetu, vijana wanaona nini? Wanaona mali na ukubwa, au wanaona kazi na wajibu?

Na ninyi wenyeviti na wajumbe wa mitaa, ninyi ndio mlango wa kwanza. Jina likiletwa mbele yenu, msilipitishe kwa kuoneana haya. Ulizeni: anaishije na mkewe? Akikasirika anakuwaje? Ana mahali pa kuifungia? Mkisema ndiyo, iwe ndiyo ya kweli. Mkisema bado, mwambieni sababu kwa upendo, ajirekebishe, arudi.

Ndugu wamiliki, sidhani kama kuna neno hapa ambalo lingewapunguzia raha yenu. Lengeni shabaha, windeni kwa vibali, safisheni vyuma vyenu ving'ae. Mwenye uzoefu amchukue mgeni amfundishe, awe mkali kwake kama mwalimu wa zamani. Wapenda bunduki wakijiwekea nidhamu wenyewe, hawatasubiri kusukumwa na amri.

Siku ya kuhuisha leseni yako ikikaribia, jiulize swali moja: kama mtaa ungeitwa tena leo kukusemea, ungesema nini? Nina imani wengi wenu mtasemewa mema. Mwenye shaka kidogo, aanze na kufuli, tena aanze usiku huu kabla watoto hawajaamka.